Mchezo Huzaa Mchezo

Neno mchezo, katika lugha yetu, hutumika kwa watoto wakimbizanao uwanjani, na hutumika vilevile kwa watu wazima waigizao jukwaani mbele ya hadhara. Walakini mwalimu wa maigizo asahauye udugu huo, akamwamuru mwanafunzi wake alie, aghalabu hupata uso uliokunjamana tu, machozi yasije.

Miongoni mwa walioukumbuka udugu huo ni Viola Spolin, aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1906. Mjini humo ilikuwapo nyumba ya ihsani iitwayo Hull House, iliyoasisiwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katika mtaa wa wahamiaji, Wataliani, Wagiriki, Wayahudi na wengineo, kila kaumu na lugha yake. Na humo, tangu mwaka 1924, Spolin alisoma kwa Neva Boyd, bibi aliyeitakidi kwamba michezo ya jadi humfunza mtu kuishi na wenziwe kuliko mawaidha. Hata dhiki kuu ya uchumi ilipoifika nchi ile, na serikali ikaanzisha miradi ya kuwapa watu kazi, Spolin alipewa kusimamia maigizo ya watoto na wakubwa wa mitaa kama hiyo; na kwa kuwa nasaha ndefu zisingewafaa, alitunga michezo.

Wawili husimama wakikabiliana, mmoja akawa kioo cha mwenziwe; au pande mbili huvutana kwa kamba isiyokuwapo, na sharti wote waione kamba ile ile moja. Mwalimu hukaa kando akikumbusha kwa neno moja moja kwamba kamba isisahauliwe, wala hataji huzuni wala furaha, maana akili ikishashughulika na kamba, haya humtoka mtu, na mwili ukatenda kwa kweli.

Mwaka 1959 mwana wa Spolin, Paul Sills, alikuwa mmoja wa waasisi wa The Second City, kundi la vichekesho lililokulia katika mazoezi hayo. Na mwaka 1963 mama mwenyewe aliyachapisha, zaidi ya 200, katika kitabu chake Improvisation for the Theater.

Sisi tuliolelewa kwa vitendawili hatuna haja ya kustaajabu. Mtegaji hamwambii mtoto awe mwerevu. Humpa fumbo, na werevu ukatoka wenyewe. Basi kiongozi wa chama cha maigizo, apangapo mazoezi ya jioni, na atege kwanza.