Chumvi Iliyozidi Kipimo

Ndugu msikilizaji, fundi saa huisimamisha saa kwanza, ndipo akaifungua. Daktari wa moyo naye hutamani hivyo hivyo, kwani mlango wa moyo, yaani valvu, haushoneki vizuri huku moyo ukiruka na damu ikitapakaa. Lakini moyo ukishasimamishwa, je, utakubali kuamka?

Nusu ya jibu ilipatikana Mei 1953 mjini Philadelphia, Marekani. Dk. John Gibbon alimpasua moyo msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Mwili ukapata damu. Ila moyo wenyewe hulishwa na mishipa midogo inayochipuka kwenye mshipa mkuu. Mshipa huo ukibanwa ili daktari aone anachoshona, moyo hubaki na njaa. Na ukiendelea kupiga bila chakula, misuli yake huanza kufa.

Mwaka 1955 Dk. Denis Melrose wa London alikuja na dawa: chumvi ya potasiamu ikiingizwa katika mishipa ya moyo, moyo hutulia mara moja. Wazo lilikuwa sahihi. Kipimo ndicho kilichokosewa. Chumvi ilikuwa kali mno, na baada ya miaka michache ikaonekana kwamba inaharibu misuli. Mpishi aliyezidisha chumvi huipunguza siku ya pili. Madaktari wengi wao waliiondoa jikoni kabisa.

Waliolipa gharama ni wagonjwa. Upasuaji wa valvu ulishika kasi baada ya 1960, Dk. Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walipofanikiwa kuweka valvu ya bandia huko Oregon. Ili kuuokoa moyo, wengine walitegemea barafu, wengine walibana mshipa na kuuachia kwa vipindi, wakishindana na saa. Mwaka 1972 Dk. Denton Cooley wa Houston na wenzake waliandika habari za moyo unaokakamaa kama jiwe baada ya upasuaji. Valvu mpya ipo mahali pake, lakini moyo hauamki.

Mwaka 1973, Wamarekani William Gay na Paul Ebert waliirudia potasiamu, safari hii kwa kiasi kidogo zaidi, na moyo ukaamka salama. Katika hospitali ya St Thomas', London, David Hearse na Mark Braimbridge walipima kila kilichomo katika dawa hiyo, na katikati ya miaka ya 1970 ikaanza kuwafaa wagonjwa.

Habari hii inatuhusu. Homa ya baridi yabisi, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, bado huharibu valvu za vijana wetu, na upasuaji huo hufanyika pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Basi, ndugu msikilizaji, jambo likishindikana tusikimbilie kulizika. Tuulize kwanza: kosa ni la wazo, au ni la kipimo?