Kocha Aende? Rekodi ya Shujaa na Makocha Wao Tangu 2012

Kila fan wa raga Kenya anajua hii sentensi: kocha aende. Shujaa wakichapwa mechi mbili Jumamosi asubuhi, kufikia jioni kila base mtaani imegeuka kamati ya ufundi. Mmoja anataka mzungu aletwe, mwingine anataka mzungu atolewe, wa tatu anasema vijana wamelewa sifa. Halafu kocha anaenda kweli, anakuja mwingine, na baada ya miezi kadhaa debate ni ile ile.

Kati ya 2012 na 2023 hiyo kazi imepeanwa mara kumi. Tumekupangia rekodi yote hapa, ndio siku ingine mkibishana uwe na kitu mkononi.

Kwanza, Shujaa ni nani

Shujaa ni timu ya taifa ya raga ya wasee saba kila upande. Usiichanganye na Simbas, hao ni wa wachezaji 15. Mechi ya saba ni dakika 14 tu, nusu mbili za dakika saba saba. Trai ni alama 5, na teke la baada ya trai likipita unaongezewa 2. Timu iliyofunga ndiyo inapiga mpira wa kuanzisha tena. Kwa hivyo wakiurukia na kuushika wao, wewe uliyefungwa bado hujagusa kitu na saa inasonga.

Ndio maana kwa hii game tofauti ya shujaa na mtu wa kutukanwa huwa ni trai moja. Angalia Olimpiki ya Tokyo. Kenya ilichapwa na Marekani 19-14, Afrika Kusini 14-5 na Ireland 12-7. Hakuna mechi hata moja hapo walipigwa kwa alama kumi. Bado walimaliza nambari 9 kwa timu 12.

Makocha, mmoja baada ya mwingine

Mike Friday, 2012 hadi 2013. Mwingereza. Msimu wake wa 2012-13 ndio bado tunausema hadi leo: Kenya ilimaliza nambari 5 duniani, ikafika fainali ya Wellington ikachapwa na Uingereza 24-19 kwa muda wa ziada, na ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow. Baada ya hapo akatoka.

Paul Treu, 2013 hadi 2014. Kutoka Afrika Kusini. Alikaa kama mwaka mmoja hivi.

Felix Ochieng, 2014 hadi 2015. Mtu wa nyumbani, aliachiwa timu katikati ya vurugu.

Benjamin Ayimba, 2015 hadi 2016. Huyu alikuwa anarudi. Ndiye alikuwa kocha 2009 Kenya ikiingia nusu fainali ya Kombe la Dunia Dubai. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, vijana wake wakachapa Fiji 30-7 kwa fainali. Hilo ndilo taji la kwanza la Kenya kwa mashindano ya dunia. Miezi michache baadaye, Olimpiki ya Rio, wakamaliza nambari 11. Ayimba akaondoka. Alifariki Mei 2021, na hadi leo ukitaja Singapore lazima jina lake litoke.

Innocent Simiyu, 2016 hadi 2018. Aliwahi kuwa kapteni wa hiyo hiyo timu. Msimu wa 2017-18 aliwafikisha fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong, zote wakazuiwa na Fiji. Wakamaliza nambari 8 na alama 104.

Paul Murunga, 2018 hadi 2019. Nambari 13, alama 37. Walikwepa kushushwa daraja kwa nywele.

Paul Feeney, 2019 hadi 2020. Kutoka New Zealand. Msimu wake ulikatwa na korona.

Innocent Simiyu tena, 2020 hadi 2022. Ndiye aliyewapeleka Tokyo.

Damian McGrath, 2022 hadi 2023. Mwingereza mwenye jina kubwa. Alikuwa ameshinda Paris 2016 na Samoa, na Singapore 2017 na Canada. Na ni hiyo Canada iliyotufunga 12-7 London, Mei 2023, tukashuka daraja. Akafutwa muda mfupi baadaye.

Kevin Wambua, kuanzia 2023. Septemba hiyo hiyo, Harare, Kenya ikachapa Afrika Kusini 17-12 kwa fainali ya Afrika na ikapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024, Madrid, wakachapa Ujerumani 33-15 na kurudi kwa timu kubwa. Paris wakamaliza nambari 9.

Sasa tuangalie hoja za mafans

Hoja ya kwanza: shida ni mzungu, ama shida ni mtu wetu. Hii izikwe leo. Mzungu alitupeleka nambari 5, na mzungu mwingine akashuka na sisi. Mkenya alituletea Singapore, na Mkenya mwingine akamaliza nambari 13. Pasipoti haijawahi kukaba mtu uwanjani.

Hoja ya pili: kubadilisha kocha husaidia. Hii tusiidharau, juu iko na ushahidi. Ayimba aliingia 2015 na mwaka uliofuata tukabeba kombe. Wambua aliingia tukiwa chini kabisa, na kwa wiki chache tu tukawa na tiketi ya Olimpiki. Kwa hivyo anayesema kocha aende si mjinga.

Lakini angalia 2018. Kenya ilikuwa na alama 104, fainali mbili, vijana wako moto. Kwa mashindano ya Paris mwezi wa Juni, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wamefunika jina la mdhamini kwenye jezi. Walikuwa wanalilia marupurupu. Mwaka huo huo Simiyu akatoka, Murunga akaingia, na msimu ukaanza mastaa kadhaa wakiwa nje juu ya mvutano wa mikataba. Kutoka alama 104 hadi 37, na kwa macho ya fan aliyekuwa anaangalia tu matokeo, Murunga ndiye alikuwa mbaya. Manze, huyo mse alipewa gari halina injini akaulizwa mbona haliendi.

Hapo ndipo tofauti iko. Kuna kumtoa kocha juu ya mchezo, na kuna kumtoa kukiwa na vita ya doh. Ukimtoa juu ya mchezo, mpya anaweza kurekebisha kitu. Ukimtoa vita ya doh ikiwa bado inaendelea, mpya anarithi hiyo vita na kikosi nusu.

Hoja ya tatu: vijana hawataki kazi. Mchezaji wa Shujaa anapigana na wasee wa Fiji na New Zealand, mechi tano ama sita kwa wikendi moja, na mwili wake ndio ofisi yake. Akiumia goti na mkataba haueleweki, kodi ya nyumba haimngojei apone. Ukiona mtu amepoteza makali, uliza kwanza kama amelipwa. Kama amelipwa na bado anazembea, hapo sasa mseme.

Wenzetu wanafanyaje

Neil Powell alishika Afrika Kusini kuanzia 2013 hadi 2022. Katikati hapo wakabeba ubingwa wa dunia 2016-17 na tena 2017-18. Mike Friday, yule tuliyekuwa naye sisi, alienda Marekani 2014 na akakaa hadi Olimpiki ya Paris 2024. Msimu wa 2018-19 Marekani ilimaliza nambari 2 duniani. Huo msimu sisi tulikuwa nambari 13.

Si ati hao hawakuchapwa. Walichapwa sana. Lakini kocha aliyechapwa leo alikuwa bado yuko mwaka ujao kurekebisha, na anajua kijana gani huchoka dakika ya kumi. Sisi kocha akianza kujua majina ya watu, tunamfanyia karamu ya kumuaga.

Na kipaji si shida. Safari Sevens imekuwa ikichezwa tangu 1996. Kila mwaka kuna raundi za nyumbani: Prinsloo kule Nakuru, Driftwood Mombasa, Dala Kisumu, Kabeberi na Christie. Hii nchi imezaa Collins Injera, ambaye 2016 alivunja rekodi ya trai nyingi zaidi duniani. Aprili 2025, wakiwa na Wambua, Shujaa walifika tena fainali ya Singapore, wakafungwa na Fiji 21-12. Msimu huo huo wakaishia kwenye mchujo wa Los Angeles wakipigania nafasi, na dunia ilipopanga timu upya, Kenya ikaanzia daraja la pili. Timu inayoweza kufika fainali na bado ishuke inakosa uthabiti, na uthabiti haununuliwi kwa kuchoma kocha kila mwaka.

Kabla useme kocha aende tena

Jiulize maswali manne. Moja, wachezaji wamelipwa? Mbili, ni kikosi kamili ama mastaa wako nje? Tatu, tunapoteza aje: ni mpira wa kuanzisha, ni kadi za njano, ni kuchoka nusu ya pili? Hizo ni kazi za kocha, na zikijirudia mashindano matatu bila kubadilika, uko na haki ya kulalamika. Nne, huyu kocha amepewa muda gani?

Kama majibu ya mbili za kwanza ni mabaya, kelele yako inaenda mlango usiofaa. Waliotia saini mikataba hawakai kwa benchi, hawaonekani kwa televisheni, na hakuna fan anayewazomea Jumamosi. Makocha wameenda mara tisa. Ofisi ndiyo tungeanza kuiuliza maswali, na tuiulize mapema, kabla mechi ya kwanza ya msimu ichezwe.