Kihisi cha Kuvaa: Istilahi ya Kupima Mwendo na Msawazo wa Wazee

Kihisi cha kuvaa ni kifaa kidogo kinachokaa mwilini, kiunoni, kwenye kifundo cha mguu, kiatuni au mkononi kama saa, na kugeuza miondoko ya aliyekivaa kuwa tarakimu. Katika tiba ya wazee hutumika kuchunguza namna mtu anavyotembea na anavyojimudu asianguke.

Jina limetokana na kitenzi hisi na kiambishi ki- cha vyombo. Wapo wanaoandika kihisio, kwa mfano wa kifuniko na kizibo, na umbo hilo nalo halina kosa. Kukopa neno la kigeni kama lilivyo ndiko kusikofaa: sensa kwa Kiswahili ni hesabu ya watu, kama iliyofanyika Tanzania mwaka 2022, na “sensa ya wazee” ingeeleweka kuwa ni kuhesabu wazee. Neno kitambuzi lina kasoro kubwa zaidi. Kutambua ni kujua kitu ni nini, na kifaa hiki hakijui kama mvaaji anatembea, anacheza ngoma au amepanda daladala. Kinahisi tu. Sehemu ya pili ya jina haina tatizo, maana kitenzi vaa hutumika kwa nguo, saa, viatu na miwani vilevile.

Kinachohisiwa hasa ni mchapuko, yaani badiliko la kasi, katika pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kikiwa kimetulia mezani bado husoma takribani mita 9.8 kwa sekunde mraba kwa sababu ya mvutano wa dunia, na kwa usomaji huo hujulikana kimeinama kiasi gani. Sehemu nyingine, jairoskopu, hupima kasi ya mzunguko mwili unapogeuka. Kisigino kinapogonga ardhi mchoro wa mchapuko huruka ghafla, na kutoka mruko mmoja hadi mwingine programu hupata muda wa kila hatua.

Neno hatua linahitaji uangalifu. Kiswahili hulitumia kwa umbali kutoka mguu mmoja hadi wa pili, na pia kwa umbali kutoka mguu hadi mguu uleule utuapo tena. Huo wa pili ni vema uitwe mzunguko wa mwendo. Katika kutembea kwa kawaida, mguu huwa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko na hewani kwa asilimia 40. Kuhusu kusimama imara, usawa huvuta maana ya haki sawa, na mizania ni ya wahasibu. Msawazo ndilo neno linalofaa.

Daktari hatazami kasi peke yake. Mzee anayekwenda polepole kwa hatua zinazolingana anaweza kuwa salama kuliko mwenzake ambaye muda wa hatua zake hubadilika kila mara. Kipimo kilichoelezwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991 humtaka mtu ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Saa ya kawaida hutoa jumla ya sekunde. Kihisi cha kiunoni huonyesha ni wapi muda ulipotelea, katika kuinuka au katika kugeuka. Kile cha mkononi ni rahisi kuvaa, ila humpotosha mpimaji pale mzee anaposhika mkongojo au kikapu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na vifo vingi zaidi ni vya waliopita miaka 60. Kihisi hakimzuii mtu kuanguka. Huonyesha mapema kwamba msawazo wake unapungua, ili apewe mazoezi, miwani au dawa nyingine. Saa inayoita msaada mtu akishaanguka ni kifaa tofauti. Hiyo ina programu inayoamua kwamba tukio ni anguko, kwa hiyo yenyewe inastahili kuitwa kitambuzi cha kuanguka.