Watu wa Dago

Mwandishi mmoja wa Kiyunani asiyejulikana jina, ambaye katika karne ya 1 Miladia alitunga kitabu cha kuwaongoza wafanyao biashara katika bahari yetu hii, alipofikia kukitaja kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wanazuoni hata leo hawajaafikiana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, hakusimulia majumba wala wafalme. Alisimulia vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, mitumbwi ya gogo moja, na watu waliotega kasa kwa vikapu vilivyosukwa. Mvuvi wa Pemba akisomewa habari hiyo hastaajabu, kwani dema na wando amevijua tangu utotoni.

Lakini katika ada zote za uvuvi, hapana inayonishughulisha fikira kama dago. Kaskazi inapotulia na bahari kuwa shwari, watu wa Kojani, kisiwa kidogo cha mashariki ya Pemba ambacho wakaaji wake ni wengi na ardhi yake ni haba, hupakia nyavu, unga na mapipa ya maji, wakatweka kuelekea Mafia, Tanga, Shimoni na hata kupita huko, wakapiga kambi ufukoni kwa majuma au kwa miezi. Wazee wao hawakuupima msimu kwa mwezi wa angani, ambao hauandamani na pepo. Waliuhesabu kwa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ukajulikana kwa upepo wake na samaki wake.

Nimepata kulala dagoni, nikala ugali wa mchanga (maana upepo hauna adabu), na nikatambua kuwa usuhuba wa pale hautokani na maneno matamu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kinachosalia hugawiwa mabaharia, hata ikawa mtu na mdeni wake, ambao mjini hupishana njia wasiamkiane, dagoni huvuta kamba moja na kula sinia moja, kwa kuwa bahati ya mmoja ndiyo riziki ya wote. Zamani, kabla ya barafu, samaki wasiouzwa wabichi walipasuliwa na kuanikwa wakawa ng'onda, na papa akatiwa chumvi; kazi hiyo ndiyo iliyowakalisha pamoja alasiri nzima, na ndimo zilimozaliwa hadithi, masihara, na mara nyingine ahadi za kuozana.

Kwa hakika, wengi walioa huko walikofikia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, walipokuwa wakigawana nchi za watu, waliuanzisha mpaka wao kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Mpaka huo ukawatenga watawala na watawala, bali watu wa dago waliendelea kuupita, kwa sababu upande wa pili walikuwa na wakwe na wajukuu. Wanatarikhi wa pwani wametuandikia mengi juu ya masultani, karafuu na pembe za ndovu, na hawa, ambao kwa jarife na mashua waliuunga mwambao kwa damu kuliko serikali yoyote, wamewapa kurasa chache mno. Hiyo ni dhulma, na yafaa irekebishwe maadamu manahodha wazee wangali hai Kojani.