Onyo la usimbaji wa zamani kwenye kivinjari: maana yake na hatua za kuchukua

Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa mwaka 2014. Chini ya utaratibu huo, tamko la mzigo unaokwenda nchi jirani huwasilishwa kwa mtandao kabla mzigo haujatoka bandarini. Onyo la usalama likitokea kwenye kompyuta ya wakala, lori linasubiri na gharama zinapanda. Wapo wanaolipuuza ili kazi iishe. Hilo ni hatari.

Usimbaji ni nini

Taarifa zinazotoka kwenye kompyuta hupita katika mitambo mingi kabla ya kufika kwenye tovuti. Usimbaji huzigeuza zisisomeke njiani. Utaratibu unaotumika huitwa TLS. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 1999, 1.1 mwaka 2006, 1.2 mwaka 2008 na 1.3 mwaka 2018.

Matoleo mawili ya kwanza yamepitwa na wakati. Oktoba 2018 Apple, Google, Microsoft na Mozilla zilitangaza kwamba vivinjari vyao vitayaacha. Katikati ya mwaka 2020 Chrome na Firefox zilianza kuonyesha onyo la ukurasa mzima. Machi 2021 IETF, chombo kinachoweka kanuni za intaneti, kiliagiza rasmi yasitumike tena.

Kutambua aina ya onyo

1. SSL_ERROR_UNSUPPORTED_VERSION kwenye Firefox, au ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH kwenye Chrome: kivinjari na tovuti havikukubaliana juu ya usimbaji. Mara nyingi upande mmoja ni wa zamani.

2. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID: cheti cha tovuti kimekwisha muda, au saa ya kompyuta si sahihi. Kompyuta yenye betri ya ndani iliyokufa hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila inapozimwa.

3. NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID: cheti ni cha anwani nyingine. Huenda anwani imekosewa, au ni tovuti ya matapeli.

Hatua za kuchukua

- Usiandike neno la siri, namba ya kadi wala taarifa za mzigo.
- Hakikisha tarehe, saa na anwani ya tovuti, herufi kwa herufi.
- Jaribu tovuti hiyo hiyo kwa kifaa kipya zaidi. Ikifunguka, tatizo liko kwenye kifaa chako. Vivinjari vilivyokuja na Windows XP, au na simu za Android 4.4 na za nyuma yake, mara nyingi hushindwa kufungua tovuti za sasa.
- Ikikataa kwenye vifaa vyote, tatizo huenda liko kwa mwenye tovuti. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, si iliyo kwenye ukurasa huo, umtajie maneno ya onyo kama yalivyo. Uliza pia njia mbadala ya kuwasilisha nyaraka.
- Usikubali fundi azime ulinzi wa kivinjari ili tovuti moja ifunguke. Ulinzi huo ukizimwa, hata ukurasa wa benki hufunguliwa bila kinga.

Angalizo

Tovuti kufunguka bila onyo si uthibitisho kwamba mwenyewe ni mwaminifu. Usimbaji hulinda njia tu. Tapeli naye anaweza kupata cheti halali kwa anwani yake. Kabla ya kulipa, thibitisha unamlipa nani.