Kiyoyozi cha gari: utunzaji na matengenezo (Westlands, Nairobi)

Utunzaji wa kiyoyozi cha gari, ambacho wenye magari na mafundi wa Nairobi hukiita AC, ni kazi ya kukagua, kusafisha, kuziba mivujo na kujaza gesi upya katika mfumo unaopoza na kukausha hewa ndani ya gari. Katika Westlands, magharibi mwa jiji, kazi hii hufanywa na gereji zilizobanana kati ya majengo ya ofisi na pia mafundi wa jua kali wa Kangemi. Vipuri vingi, vipya na vya mtumba, hununuliwa Kirinyaga Road, maarufu kwa jina la Grogan.

Mfumo

Kompresa inayozungushwa na injini hukandamiza gesi, kondensa iliyo mbele ya radieta huipoza ikawa kimiminika, kisha vali huiachia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi, ambako hugeuka gesi tena na kunyonya joto la hewa inayopita. Oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi.

Gesi na Itifaki ya Montreal

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari yalitumia gesi ya R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na Kenya iliiridhia mwaka 1988. Sekretarieti ya Ozoni, inayosimamia itifaki hiyo duniani kote, ina makao yake Gigiri, katika makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ndani ya eneobunge la Westlands. Kwa hiyo mkataba ulioamua gesi ipi itiwe kwenye gari husimamiwa mwendo mfupi tu kutoka gereji za Parklands. Matumizi ya R12 na jamii yake yalikomeshwa katika nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Nchini Kenya, uingizaji na biashara ya kemikali za aina hii hudhibitiwa kwa kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, kupitia mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA.

R134a ilichukua nafasi ya R12. Haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,400 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, ya Oktoba 2016, yanapunguza jamii yake hatua kwa hatua. Kwa nchi za kundi la Kenya, kiwango kiligandishwa mwaka 2024, na punguzo la kwanza, la asilimia 10, ni la mwaka 2029. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuiondoa katika magari mapya yote tangu 2017, na mahali pake pakaja R1234yf, gesi ya bei ghali inayoweza kushika moto kwa shida.

Gesi bandia ni hatari ya kweli. Mwaka 2011 makontena ya friji yaliyokuwa yamejazwa gesi iliyochakachuliwa yalilipuka na kuua watu, kwa kuwa kemikali iliyochanganywa humo ilishambulia alumini. Gesi ya kupikia nayo hupoza vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo humshawishi fundi. Lakini evaporeta ikivuja, gesi hiyo huingia wanamoketi abiria.

Huduma

Dai la kawaida gereji ni kwamba gesi imeisha. Lakini gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Gesi ile ile huzunguka katika mfumo mzima, na ikipungua sana imevuja mahali. Kujaza bila kutafuta mvujo ni kumtoza mteja fedha za baridi ya wiki chache, na ni desturi inayostahili kukomeshwa. Fundi makini hutafuta mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye maungio, hupuliza naitrojeni na kupaka povu la sabuni, au hutia rangi inayong'aa kwa taa maalumu. Mivujo mingi huwa kwenye oringi zilizokauka, kwenye sili ya shafti ya kompresa na kwenye kondensa iliyopigwa na kokoto.

Baada ya kuziba, pampu huvuta hewa na unyevu wote. Hapa mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700, una athari kwenye usomaji wa geji. Kwenye usawa wa bahari, sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Nairobi, ambako presha ya hewa ni takriban kilopaskali 83, haiwezi kuvuka inchi 24 na nusu hivi, hata pampu ikiwa nzima kabisa. Fundi asiyelijua hili huilaumu pampu, au hutafuta mvujo usiokuwepo. Kwa sababu hiyo hiyo, geji za kujazia husoma juu kidogo, kama psi 2 na nusu, kuliko jedwali la kiwandani. Njia salama ni kupima gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 400 na 600, na ziada hudhuru kama upungufu.

Magari ya haibridi

Prius, Aqua na magari mengine ya haibridi yanayoletwa kutoka Japani yana kompresa ya umeme wa volti nyingi. Huhitaji oili ya POE, kwa sababu oili ya PAG ya magari ya kawaida hupitisha umeme. Hata kiasi kidogo cha PAG kilichobaki kwenye mipira ya geji kinaweza kuharibu insulesheni ya kompresa, na kuibadilisha ni gharama kubwa.

Matunzo ya mwenye gari

Chujio la hewa ya ndani, ambalo kwa kawaida hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, huziba kwa vumbi. Maua ya jakaranda, ambayo huanguka kwa wingi kati ya Septemba na Novemba, hujaa chini ya waipa na kuziba njia ya hewa na ya maji. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti wengi huzima AC kwa miezi, na sili hukauka. Inafaa kuiwasha dakika kumi kila wiki, na kwenye manyunyu ya Julai AC ndiyo inayoondoa ukungu kwenye vioo.

Mafunzo

Ufundi wa magari hufundishwa Kabete National Polytechnic, kando ya Waiyaki Way, chuo kilichoanzishwa 1924.

Hali ya sasa

Magari ya mtumba huruhusiwa kuingia Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Mengi bado hutumia R134a, ila yenye R1234yf yameanza kuonekana.