SHAMBAAI: NCHI ILIYOWAPA WATU JINA

Utangulizi

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya Usharika wetu, ni haki kutazama nyuma kuliko mwaka ule wa kwanza, hata nyakati ambazo Injili ilikuwa haijafika milimani. Kabla ya kuwapo usharika palikuwapo watu, na kabla ya watu hao kuitwa kwa jina walilonalo palikuwapo nchi. Vijana wa Kipaimara huuliza mara kwa mara: je, milima hii iliitwa Usambara kwa sababu Washambaa wanakaa humu, au Washambaa waliitwa hivyo kwa sababu wanakaa katika milima hii? Swali hili si dogo. Anayelijibu hana budi kueleza ni nani aliye mwenyeji wa nchi hii, na mwenyeji ana wajibu gani kwa nchi yenyewe.

Jina na maana yake

Katika Kishambaa nchi hii haiitwi Usambara. Huitwa Shambaai. Irabu ile ya mwisho huonyesha mahali, kama vile Kiswahili kinavyotumia -ni katika maneno kama mlimani na nyumbani. Watu ni Washambaa, lugha ni Kishambaa, na nchi ni Shambaai. Zamani neno hili lilitamkwa kwa herufi l, yaani Shambala, na ndivyo linavyoonekana katika vitabu vingi vya kale. Baadaye ile l ilidondoka, kama ilivyodondoka katika maneno mengi ya Kiswahili.

Lakini Shambaai ina maana gani? Wazee wetu hawakuipima nchi kwa mipaka ya wilaya. Waliipima kwa hali ya hewa, kwa udongo na kwa mimea. Kulikuwa na Shambaai, yaani nchi ya juu, yenye baridi, ukungu, mvua na migomba. Na kulikuwa na nyika, yaani nchi ya chini, yenye joto, miiba, wanyama wakali na homa. Mtu mwenye maarifa aliweza kushuka kwa miguu na, kwa kutazama miti na majani tu, akasema: hapa Shambaai imekwisha, na hapa nyika imeanza. Basi Mshambaa ni mtu wa nchi ile ya juu, mtu ajuaye kuishi na kustawi humo.

Kwa hiyo jibu la swali la vijana ni hili: jina la watu na jina la nchi ni jina moja, wala haifai kuyatenganisha. Hata hivyo, nchi ndiyo inayolipa jina hilo maana. Anayeondolewa milimani akasahau milima atabaki na ukoo, lakini maana ya jina lake itakuwa imepungua.

Isidhaniwe kwamba wazee waliichukia nyika. Vijiji vingi vya kale vilijengwa kwenye ukingo wa milima, mahali ambapo mtu huiona tambarare chini yake. Mtae ni mfano ulio wazi. Watu waliokaa ukingoni walikuwa na migomba nyumbani na mashamba mengine huko chini. Mwaka wa njaa upande mmoja, upande wa pili uliweza kuwaokoa. Watu walilala Shambaai, na huko ndiko waliko na makaburi ya baba zao, lakini akili yao ilizijua nchi zote mbili.

Maelezo yasiyo na msingi

Wako wasemao kwamba Shambaa latokana na neno la Kiswahili shamba. Wengine, baada ya kusoma vitabu vya Asia, huunganisha Shambala yetu na nchi ya Shambhala inayotajwa katika mapokeo ya Tibet. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi. Msemaji wa Kiswahili hutenganisha shamba na mji, lakini Mshambaa wa kale hakutenganisha Shambaai na mji. Aliitenganisha na nyika. Maana hizo mbili haziendi njia moja. Na kuhusu Tibet, hakuna barabara ya historia inayounganisha nchi ile na milima yetu.

Wafalme walikuja, jina likabaki

Habari ya Mbegha inajulikana na kila mtoto wa milima hii. Alikuwa msasi aliyetoka Nguu, akapanda milimani, akagawa nyama, akaamua mashauri ya watu, akapewa utawala. Kutoka kwake ukatoka ukoo wa Wakilindi waliotawala Vuga. Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, na kwa hiyo tunayo mpaka leo.

Jambo la kuangalia ni hili. Wakilindi walipata ng'ombe, kodi, majumbe na sifa ya simba, lakini nchi haikuitwa Ukilindi. Hata Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala mpaka alipofariki mwaka 1862, na ambaye uwezo wake ulifika karibu na pwani, alikuwa mfalme wa Shambaai. Nchi haikuchukua jina la mfalme. Mfalme ndiye aliyepimwa kwa nchi. Wazee walikuwa na maneno mawili ya kumpimia: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha, chakula kikipatikana na watu wakikaa kwa amani, nchi ilikuwa imeponywa. Wakuu walipogombana na njaa ikaingia, nchi ilikuwa imeharibiwa. Baada ya kifo cha Kimweri, warithi wake walipopigana na watu wengi kukamatwa na kuuzwa utumwani, kila mtu alielewa maana ya neno lile la pili.

Jinsi Usambara ilivyoandikwa

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Katika maandishi yake nchi hii inaitwa Usambara. Hapo sh imekuwa s, l imekuwa r, na mbele imewekwa u- kama desturi ya Kiswahili katika Uzaramo na Ugogo. Wajerumani walilichukua jina hilo kama lilivyoandikwa, likaenea duniani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 iliitwa Reli ya Usambara, ingawa kwa sehemu kubwa ilipita chini ya milima, katika nyika yenyewe. Ua dogo la rangi ya zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka Ulaya mnamo mwaka 1892 hujulikana kwa Kijerumani kama urujuani wa Usambara, na leo limo madirishani mwa nyumba za watu wasioweza kuionyesha milima yetu katika ramani.

Ndivyo jina letu lilivyosafiri mbali. Mwenye jina alibaki hapa akisema Shambaai.

Misioni na majina mapya

Chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, na ambacho baadaye kiliungana na kazi ya Friedrich von Bodelschwingh huko Bethel karibu na Bielefeld, kilituma wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab katika milima hii mwaka 1891. Walianza Mlalo, na kituo kikaitwa Hohenfriedeberg, jina la mji mmoja wa Prussia, ambalo ndani yake yamo maneno ya juu, amani na mlima. Mwaka 1893 kilifuata kituo cha Mtae kilichoitwa Bethel, kisha Vuga mwaka 1895, Lutindi mwaka 1896 na Bumbuli mwaka 1899. Serikali nayo iliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao.

Wamisionari hawakutaka kutudharau kwa kufanya hivyo. Yakobo naye aliuita Betheli mji ulioitwa Luzu hapo kwanza, kama tusomavyo katika Mwanzo 28:19. Lakini leo nani asemaye Hohenfriedeberg? Nani apandaye gari kwenda Wilhelmstal? Majina hayo yamebaki katika nyaraka. Mlalo ni Mlalo, Mtae ni Mtae, Lushoto ni Lushoto. Lililodumu ni neno walilohubiri, kwa kuwa walikubali kujifunza lugha ya wenyeji na kulihubiri kwa hiyo. Karl Roehl, aliyeandika sarufi ya Kishambaa, ndiye baadaye aliyetafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1937.

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika nchi, nao walikaa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Kazi ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Ndipo ilipoonekana kwamba Kanisa lilikuwa limeota mizizi katika udongo wa Shambaai, wala halikuwa mmea wa chungu unaohamishwa na mwenye nao. Sharika zenye umri wa karne moja, kama huu wetu, ni matunda ya kipindi hicho na kilichofuata.

Jina katika Kanisa

Makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa moja, mojawapo liliitwa Kanisa la Kilutheri la Usambara-Digo. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni nchi, na ya pili ni watu. Labda waliolichagua hawakukusudia fundisho lolote, lakini fundisho limo. Baadaye likawa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, jina la dira, lisilomtaja mtu wala kabila.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida. Katika milima hii hawakai Washambaa peke yao. Wako Wambugu, ambao lugha yao ya Kima'a imewashangaza wataalamu kwa jinsi inavyochanganya maneno ya asili ya Kikushi na sarufi ya Kibantu. Wako Wapare, Wazigua, na wengine walioletwa na kazi au ndoa. Mtu wa namna hiyo akiuliza, "Je, mimi nami ni wa hapa?", tumjibuje? Tukilishika jina kama uzio wa ukoo, tutamfungia nje. Tukilishika kwa maana yake ya kale, tutamwambia kwamba Shambaai ni nchi inayokaliwa kwa namna fulani, na yeye ajifunzaye kukaa hivyo na kuitunza ana sehemu ndani yake. Mbegha mwenyewe alikuwa mgeni.

Nchi inayopoteza jina lake

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, ukaenezwa baadaye katika sehemu nyingine za milima. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo uliwaangukia akina mama. Watu walikataa, wakateta, wengine wakaadhibiwa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Wengi waliona kwamba waliodai kuiponya nchi walikuwa wakiiharibu.

Ushindi ule ulikuwa wa haki. Hata hivyo, mmomonyoko ulikuwa kweli, nao haukuondoka pamoja na mabwana shamba wa mkoloni. Leo msitu umerudi nyuma katika miteremko mingi, vijito vimepungua, na joto limepanda milimani. Tukumbuke namna wazee walivyotambua Shambaai: kwa mimea yake. Ikiwa miti ile imekatwa, udongo umeteremka mtoni na ukungu hauji tena, basi mtu mwenye maarifa akisimama mahali hapo na kutazama, atasema ni nyika. Na sisi tutakuwa Washambaa wa wapi?

Hitimisho

Maandiko yanatuonyesha kwamba Adamu aliitwa kwa jina la ardhi. Katika Kiebrania adam ni mtu na adama ni udongo, na katika Mwanzo 2 mtu huyo anatwaliwa udongoni, kisha anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Jina lake ni kumbukumbu ya alikotoka na pia ni agizo la kazi yake. Jina letu nalo ni la namna hiyo hiyo.

Karne ya kwanza ya Usharika imekwisha. Waliotutangulia walipokea majina mengi kutoka nje na kuyaacha mengi yapite, lakini hili moja walilishika. Basi pamoja na shukrani za jubilei, kila nyumba na ipande miti na kuilea, kila mtaa na uilinde chemchemi yake, na walimu wa Kipaimara wawafundishe watoto maneno yale mawili ya wazee, kuzifya shi na kubana shi, ili watakaoandika historia ya miaka mia mbili wapate kuiandikia Shambaai.